Gari la Dakika Kumi na Mbili

Gari lilizimika mara ya tatu asubuhi ile, na safari hii lilichagua mahali pabaya, katikati ya boulevard, mbele ya maduka yaliyofungwa kufuli mbili mbili. Kambale hakutukana. Matusi yake yote, ya Kinande na ya Kiswahili, yalikuwa yameisha mara ya kwanza na ya pili. Alishuka, akainua kapo, kifuniko cha injini, akasimama akiitazama ile mashine kama mtu anayemtazama shemeji aliyemdanganya.

Nyuma ya gari, Mzee Fulgence naye alishuka. Akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni mwake, akafungua kufuli ya tanki, akaingiza kijiti kupima mafuta.

"Mafuta iko," alisema. "Haikupungua sana."

"Muzee, nani atakuiba mafuta na siye tuko ndani ya gari?"

"Weye haujaona vita, Kambale. Kule Bambu waliiba yangu mafuta na mimi nimelala juu ya kapo."

Kambale alirudi kwenye usukani, akawasha. Gari liliwaka mara moja, tena kwa sauti safi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Kasoro yenyewe ilikuwa ya kumtia mtu wazimu. Gari lilikimbia dakika kumi, kumi na mbili, likivuta vizuri. Kisha lilianza kukohoa, nguvu zikapanda na kushuka, mwisho likafa. Ukisimama kidogo, ukainua kapo, ukachungulia, ukawasha tena, lilikubali kama si lile lililokataa. Halafu dakika kumi na mbili nyingine.

Na siku zenyewe hazikuwa za kubahatisha. Ilikuwa Mei ya mwaka 2003, na wanajeshi wa Uganda walikuwa wakifunga mizigo yao. Kila mtu Bunia alijua kwamba wakishatoka, mji hautakuwa na mwenyewe, na wale wanaougombania wamekaa vilimani wakingoja. Tangu Jumamosi watu walikuwa wakitembea na magodoro vichwani, wengine kuelekea ziwani, wengine kuelekea Komanda. Mke wa Kambale, Emérance, hakuweza kutembea. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, miguu imevimba. Alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya cha Nyakasanza, lakini kituo kilikuwa kimefungwa na mkunga amekimbia. Binti yao wa kwanza, Arielle, alikuwa Butembo kwa bibi yake. Emérance alitaka kuzalia huko, na Kambale alikuwa amemuahidi.

Gari pekee ambalo bado lilikuwa na nafasi ni hili la Mzee Fulgence. Lilikuwa gari jekundu la mashindano, la Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa akikimbia nalo rali enzi za Zaire. Injini yake ilikuwa na kabureta mbili, kila moja na koo mbili, na ilikunywa esanse kama harusi inavyokunywa bia. Mgiriki alipoondoka alimwachia Fulgence, aliyekuwa mnunuzi wa dhahabu kule Bambu. Vita vilipofika Bambu, Fulgence alitoka na gari hilo, nguo alizovaa, na bahati yake. Sasa walikuwa wamekubaliana. Kambale alitengeneze, aliendeshe, na yeye na mke wake wapate viti hadi Butembo.

Ila njiani kulikuwa na kilima. Kabla ya kufika Marabo barabara inapanda muda mrefu, majani marefu huku na huku, na ndani ya majani kuna vijana wenye bunduki. Lori lililozimika pale mwezi uliopita lilirudi Bunia. Watu wake hawakurudi. Kutoka mjini hadi katikati ya kilima kile ni zaidi ya dakika kumi na mbili.

Kwanza Kambale alilaumu mafuta. Alikwenda kwa Godelive, aliyekuwa akiuza esanse kwa chupa kando ya barabara, chini ya mwavuli uliobaki mbavu tatu.

"Godelive, umeniuzia esanse ya maji."

"Mimi?" Godelive hakuinuka kwenye kidumu alichokalia. "Lete mukono."

Akammiminia tone kiganjani. Likakauka pale pale, likaacha baridi, bila unyevu wala utelezi.

"Umeona maji hapo? Umeona petroli ya taa? Gari inakushinda, unakuja kunitukana mimi mujane. Nenda ukatukane kabureta."

Akaenda kuitukana kabureta. Alifungua zote mbili uani kwake, juu ya shuka la zamani ili isipotee hata skrubu moja. Boya hazikutoboka. Vali ndogo zinazofunga mafuta zilikuwa safi. Akafungua pompi ya mafuta, ile inayosukumwa na injini, akaitazama ngozi yake ya ndani dhidi ya jua. Hakuna tundu. Hata hivyo alikata nyingine, akaibadilisha. Akapuliza mirija yote kwa mdomo hadi midomo ikawaka kwa esanse. Akabadilisha chujio. Kisha akatoka na gari, akazunguka hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi, mara mbili. Dakika kumi na mbili, likafa.

Milio ya bunduki ilisikika upande wa Saio, michache, kama mtu anayejaribu tu kama bado inalia. Fulgence alikuwa akizunguka gari, ufunguo mkononi.

"Kambale, sema ukweli. Kama hauwezi, nitafute mutu mwingine."

"Tafuta. Mafundi wote wako njiani na magodoro."

"Basi iko nini?"

"Presha ya mafuta. Inaanguka. Lakini inaanguka wakati tunaenda, na mimi nikifika chini ya kapo imekwisha kupanda. Ni kama mugonjwa anayepona akiona blouse nyeupe ya daktari. Ninataka kuiona inapoanguka."

Ndipo alipokumbuka kipimo cha presha cha mke wake. Kilikuwa kwenye begi lililokuwa tayari mlangoni: saa ya duara yenye sindano, mpira wa kupuliza, na kitambaa cha kufunga mkononi. Kambale alijua namba zake kwa sababu alikuwa amepimwa nacho mara nyingi, na alijua pia kwamba presha inayotakiwa na kabureta ni ndogo, karibu sawa na ya mtu. Manometa ya magurudumu isingeweza kuiona.

"Ile ni ya wagonjwa, Papa Arielle," Emérance alisema. "Haiko ya magari."

"Gari iko mugonjwa."

"Ukiiharibu nitazaa namna gani? Nani atajua kama presha yangu imepanda?"

"Mafuta haitaifikia. Nitatumia mrija wa serum, ile ya dripu, murefu. Mafuta itabaki chini, hewa itabaki juu. Hewa ndiyo itasukuma sindano."

Emérance alimtazama, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Sawa. Lakini mimi ndiye nitaishika. Na mimi ndiye nitasoma."

Kambale alipachika kiungo cha njia tatu kati ya pompi na kabureta, akaupitisha mrija chini ya ukingo wa kapo na kupitia dirishani, hadi kwa Emérance aliyekaa mbele, kipimo juu ya tumbo lake. Fulgence alijikunja nyuma kama kifurushi. Wakatoka.

"Mia moja na makumi nane," Emérance alisoma.

"Nzuri."

"Mia moja na makumi nane. Mia moja na makumi saba. Ingekuwa mutu, ningemuambia apunguze chumvi."

Walipita kanisa, walipita soko tupu la Nyakasanza, wakageuka. Gari lilivuta. Watu waliokuwa wakitembea na mizigo waliligeukia kwa macho ya chuki. Dakika ya saba sindano ilikuwa kwenye mia na hamsini. Dakika ya tisa, mia na ishirini. Kisha ikaanza kucheza.

"Makumi tisa. Inaruka. Makumi nane. Makumi sita, Papa Arielle, inakufa."

Injini ilikohoa. Kambale alisogea kando ya barabara, lakini safari hii hakuiachia izime. Alibaki akikanyaga na kuachia, akiibembeleza, masikio yake yote yakiwa ndani ya ile sauti mbovu. Fulgence, kama kawaida yake, alikuwa ameshajipenyeza nje na kijiti chake.

"Makumi tano," alisema Emérance. "Makumi tano. Makumi... eh! Inapanda!"

"Nini?"

"Mia moja na makumi nane! Imeruka yote mara moja! Umefanya nini?"

"Mimi sijafanya kitu!" Mguu wa Kambale ulikuwa pale pale, na injini ilikuwa ikiunguruma kama siku ya mashindano. Alitoa kichwa dirishani. "Muzee! Umefanya nini?"

"Mimi? Nimefungua bushoni tu. Ninapima."

Kambale aliacha injini ikiwaka, akaenda nyuma polepole, kama mtu anayemwendea nyoka. Alichukua kile kizibo, akakirudisha mahali pake, akakikaza. Akamrudisha Fulgence ndani ya gari, wakazunguka tena njia ile ile hadi sindano ilipoanguka. Safari hii Kambale mwenyewe ndiye aliyekamata ufunguo, na alitega sikio kabla ya kufungua.

Kizibo kililia fyuuu, mluzi mrefu, na baadaye chuma cha tanki kikapiga kelele kule chini, kama sufuria iliyobonyea inayorudi umbo lake. Hewa ilikuwa ikiingia. Tanki lilikuwa limejinyonga.

"Muzee. Hii mluzi uliisikia siku zingine?"

"Inapigaka kila siku," alisema Fulgence. "Nilifikiri ni esanse inanisalimia."

Kambale hakucheka. Alikigeuza kizibo, na ndani yake akaona duara la mpira mweusi wa ndani ya gurudumu, limekatwa kwa kisu chenye pengo. Alikijua kile kisu. Kilikuwa mfukoni mwake.

Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe. Mwaka uliopita, vizuizi vilipokuwa kila njia panda, wanajeshi walikuwa na desturi yao. Hawakupoteza muda kumuuliza dereva kama ana mafuta. Waliinama, wakanusa kizibo cha tanki. Kikinuka, walileta mrija na kidumu, wakanyonya mpaka tone la mwisho. Kambale ndiye aliyegundua dawa. Kizibo kina tundu dogo la kupitisha hewa. Ukiliziba kwa mpira, harufu haitoki hata chembe. Askari ananusa, dereva anaapa kwamba tanki ni kavu, na gari linapita. Mji mzima ulikuja kwake. Alisifiwa kanisani. Magari aliyoyaziba hakuyajua idadi.

Na hakuna hata moja lililolalamika, kwa sababu mwaka mzima ule hakuna aliyekwenda mbali. Barabara zilikuwa zimefungwa. Watu walinunua chupa mbili, wakazunguka mjini, wakafungua kizibo kutia chupa nyingine, na hewa ikaingia. Sasa watu wote wamejaza matanki hadi shingoni, na wote wanakwenda mbali. Tanki likijaa, hewa ya ndani ni kidogo, na pompi ikivuta na kuvuta bila kitu kuingia, mwisho inashindwa. Gari hili jekundu lilinywa haraka, likaonyesha ugonjwa kwa dakika kumi na mbili. Magari ya kawaida yangechukua saa nzima. Saa nzima kutoka Bunia, kwa barabara ile mbovu, unakuwa wapi?

Alijua unakuwa wapi.

"Ni mingapi?" Emérance aliuliza. Alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yake akishika kiuno.

"Mingi."

"Inaenda kesho?"

"Yote."

Fulgence alikuwa na shida yake nyingine. Alisikia kwamba mpira utolewe, akakumbatia nyuma ya gari, penye tanki, kana kwamba ni mtoto. "Utoe, halafu kule barriere wanuse? Wakinyonya esanse yetu, si ni kufa vilevile?"

Kambale alijaribu kuutoboa mpira kwa msumari. Mpira ulijifunga tena mara alipouchomoa, kama midomo. Akataka kuutoboa kwa msumari wa moto. Fulgence akasema tundu la msumari litanuka mpaka Kisangani. Emérance aliwasikiliza wakibishana, mwisho akafungua begi lake, akatoa pakiti ndogo ya sindano.

"Ziko nne," alisema. "Niliziweka kwa ajili ya kuzaa. Damu ikikataa kusimama, ni sindano ndiyo itaniokoa. Chukua moja, mubaki kimya nyinyi wawili."

Ikawa hivyo. Kambale aliichoma ile sindano katikati ya mpira, akaiacha humo humo. Hewa iliingia kupitia tundu lake jembamba kuliko unywele, na harufu ilikuwa ndogo mno kwa pua ya askari mwenye mafua ya vumbi. Walizunguka mji dakika arobaini. Mia moja na makumi nane, na sindano ya kipimo haikutingishika.

Angeweza kwenda kulala. Badala yake alishika njia kwa miguu, msumari mkononi, akapita nyumba kwa nyumba hadi jua lilipokaribia kuzama. Alipata magari matano. Wenyewe waliitoboa mipira yao kwa msumari uliopashwa moto wa makaa jikoni, wakimtazama kama mchawi aliyekuja kujitaja. Kule Saio alimtafuta Marcellin, dereva wa teksi ambaye kila alipopita alimpigia honi. Nyumba ilikuwa wazi, na hata kuku hawakuwepo. Jirani alisema amehamia kwa wakwe zake, hajui wapi, na ataondoka kabla ya jogoo.

Waliondoka alfajiri. Kwenye kizuizi cha mwisho cha mji, askari aliinama, akanusa kizibo cha gari jekundu, akanusa tena. Fulgence aliapa kwa mama yake kwamba wanatembea na lita tatu. Askari alilipiga gari kofi, akawapungia waende. Baadaye Fulgence alitubu kwa sauti, akimtaja mama yake kwa jina.

Gari lilivuta. Kipimo kilikuwa bado juu ya tumbo la Emérance, ingawa hakikuhitajika. Alisema anakipenda pale. Walipoanza kupanda kilima, Kambale alikanyaga mafuta, na kabureta zote mbili zikafungua koo zao kama zilivyozoea. Majani marefu yalipita pembeni.

Katikati ya kilima palikuwa na teksi ya kijani, kapo juu. Watoto wanne walikuwa wamekaa mtaroni, na mwanamke alikuwa ameshika jiwe, tayari kuliweka nyuma ya gurudumu. Marcellin alikuwa ameinama ndani ya injini, bisibisi mdomoni.

"Usisimame," Fulgence alisema. "Kambale, usisimame hapa. Hapa ndipo lile lori..."

Kambale alisimama.

Marcellin alipomwona alitupa mikono juu. "Mungu amekutuma! Pompi imekufa! Nilikuwa ninafungua..."

"Haiko pompi. Ni mimi."

"Weye nini?"

"Lete ufunguo ya tanki. Haraka, ndugu yangu, utanitukana kule mbele."

Kizibo kililia fyuuu. Marcellin aliusikiliza mluzi ule hadi mwisho, mdomo wazi, bisibisi imeanguka. Kisha akautazama ule mpira, akamtazama aliyeukata.

"Uliniambia ni dawa," alisema. "Uliniambia: 'Marcellin, na hii utazeeka.'"

"Nilikuambia."

Kambale alishika ukingo wa mpira kuung'oa. Marcellin akamkamata mkono. "Na barriere ya mbele? Tanki yote imejaa. Watanusa. Watanyonya, halafu hawa watoto nitawabeba namna gani?"

Juu kidogo, ndani ya majani, ndege waliruka wote kwa pamoja. Wote waliwaona. Mwanamke aliacha jiwe, akaanza kuwasukuma watoto ndani ya teksi.

Kambale aligeuka kumwita mke wake, lakini mkono wa Emérance ulikuwa tayari nje ya dirisha, na katikati ya vidole viwili kulikuwa na sindano. Kambale aliichukua, akaichoma, akakaza kizibo. Teksi ilikataa mara moja, ikakubali mara ya pili.

"Mbele!" Kambale alipiga kelele. "Usiangalie nyuma, nenda!"

Teksi ilitangulia, gari jekundu nyuma yake, Fulgence amelala juu ya mabegi akimwomba Mungu kwa Kilendu. Risasi moja ililia nyuma yao, mbali, labda haikuwa yao. Walifika juu. Barabara ikalala, na Kambale akafuta jasho kwa mkono wa shati.

Walipozunguka kona ya kwanza upande wa pili, Emérance alinyosha kidole. Mbele, baada ya daraja dogo, kulikuwa na pick-up nyeupe, kapo juu, watu wameizunguka.

"Ile nayo ni yako?" aliuliza.

Kambale aliitambua. Alitamani sana kusema hapana.

"Ni yangu."

Emérance alifungua pakiti juu ya tumbo lake, kando ya kipimo. Alitoa sindano moja, akaishika tayari. Ile ya mwisho aliifunga katika pindo la kitenge chake, mafundo mawili, akayakaza kwa meno. Kambale akaanza kupunguza mwendo.